Afande na Sindano ya Mgongo

Nilikuwa bingwa wa magonjwa ya ubongo kabla ubongo wangu mwenyewe haujaugua. Ubingwa huo niliupata kwenye nyumba za polisi Nsambya, ambako kila askari ni daktari na mkewe ni daktari mkuu. Dawa za virusi vya UKIMWI nilikuwa nimeziacha miezi mingi. Nimeze za nini? Nilikuwa nimenenepa hadi mkanda wa sare haufungi. Nikajitangaza mzima.

Kichwa kilipoanza kuuma nikasema ni jua la Wandegeya, maana nilikuwa naongoza magari pale. Wiki ya pili nikasema malaria. Wiki ya tatu nikawa naona bodaboda mbili mahali penye moja, nikazisimamisha zote mbili. Mke wangu aliposikia hayo akanipeleka hospitali bila kuniuliza.

Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Akanieleza kwa upole kwamba kinga yangu imeshuka, vijidudu vya ukungu vimeingia kwenye utando wa ubongo, na maji yamejaa humo yanabana kichwa. Lazima anichome sindano mgongoni, ayapime maji hayo na kuyapunguza. Dawa pekee haitatosha.

Nikacheka, ingawa kucheka kuliniuma. Nikamjibu kwa sauti ya gwaride, wodi nzima isikie: "Daktari, wewe umesoma, mimi nimezika. Kambini kwetu wamechomwa watatu hiyo sindano yako. Wote tumewapigia saluti kaburini."

Wodi ikaguna kuniunga mkono. Hata ndugu wa wagonjwa, waliokaa kwenye mikeka kando ya vitanda, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Kwenye kitanda cha jirani alilala muuza matoke wa soko la Nakasero, mwenye ugonjwa huohuo, naye alipangiwa sindano asubuhi ileile.

"Afande, kweli wote walikufa?" akaniuliza.

"Wote. Mimi nisingekubali."

Nilijisikia vizuri kweli. Nilikuwa nimeokoa raia.

Jambo dogo nililosahau kulisema ni kwamba wale watatu waliikataa sindano kwanza, kama mimi. Walikuja kuchomwa wakiwa hawajui hata majina yao. Kwa hesabu yangu, sanda nayo inaua, maana sijaona aliyevishwa akapona.

Mke wangu ametoka kwenye familia ya Waislamu wafanyabiashara wa siku nyingi hapa mjini, na Kiswahili chake ni wembe. Alimsubiri daktari aondoke.

"Baba watoto, sikio la kufa halisikii dawa. Haya, kataa. Mimi naenda kituoni kuwaambia wenzio kwamba afande ameogopa sindano."

Kifo nilikuwa nimekizoea. Hilo la kituoni liliniogopesha. Akaitwa daktari, nikasukumwa hadi chumba cha pili, nikalala ubavu, magoti kifuani, nikachomwa. Yakatoka maji mengi, na kabla saa mbili hazijapita kile kichwa cha wiki tatu kilikuwa kimepungua. Nikamtazama mke wangu, nikamwona mmoja. Mmoja wa namna ile anatosha.

Waliponirudisha wodini niligeuka nimwambie jirani kwamba haiumi sana. Nikakuta kitanda kimetandikwa upya. Nikamuuliza daktari mtu yuko wapi.

"Amekataa sindano. Ndugu zake wamesaini, wamempeleka nyumbani," akasema, huku akiandika kwenye faili langu. "Wamesema afande ndiye aliyewaeleza."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Siku ya kumi, nikiwa bado kwenye dripu, mke wangu alitoka sokoni Nakasero akasema wauza matoke wanachangia mazishi ya mwenzao. Niligeukia ukutani nikalia, na safari hii sikujali nani ananiona.

Siku hizi dawa zangu sikosi hata moja. Nikienda kuzichukua napita wodini, na nikisikia mtu anaikataa sindano ya mgongo, napandisha shati nimwonyeshe mahali. Kovu lenyewe halionekani, inabidi nielekeze kwa kidole. Wengi huniuliza kama namjua mtu aliyekufa. Nawajibu kwamba namjua mmoja, na huyo hakuchomwa. Aliyemshauri asichomwe huwa simtaji.