Mtani Aliyelala Ulingoni kwa Nanji

Jumamosi, tarehe 28 Machi 2020. Asubuhi manyunyu; saa nne jua likatoka, mawingu yakasogea upande wa Isikizya, na mji wa Tabora ukabaki na ule mvuke wa ardhi iliyolowa unaogandisha shati mgongoni. Sadiki Mrisho alilishukuru jua kwa sababu magodoro yake yangekauka kabla ya alasiri. Magodoro hayo ndiyo yalikuwa ulingo.

Sadiki alikuwa fundi magodoro wa Gongoni, mwenye miaka arobaini na minane, mtu mwembamba anayeongea kama anayehofia kumwamsha mtoto. Mwaka mzima alijaza sufi na kushona. Siku moja tu katika mwaka aliunganisha magodoro kumi na mawili, akayafunika turubai, akazungushia kamba, akawaletea watu wa Tabora mieleka ya maonyesho. Nani ataanguka, na dakika ya ngapi, hupangwa barazani kwake siku mbili kabla, kwa kahawa na kashata. Mji mzima unajua, na hakuna anayetaka kuambiwa.

Kwa miaka kumi na minne aliyeanguka ni Shilinde, Mnyamwezi wa Nzega, mkulima wa pamba mwenye shingo kama kinu. Yeye ndiye mbaya. Huingia akinguruma, akina mama humtupia maganda ya machungwa, kisha kijana fulani mzuri wa sura humwangusha na watu hurudi nyumbani wameridhika. Lakini mwaka huu goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na alikuja kuaga.

"Kaka Sadiki," alisema, "mara moja tu. Jina langu litajwe mwisho, kama mshindi. Mke wangu hajawahi kuja. Anasema hawezi kupanda basi kutoka Nzega kwenda kumtazama mumewe akianguka, wakati nyumbani huanguka bure."

Sadiki akampa mkono. Siku nne baadaye likaja katazo la mikusanyiko kwa sababu ya korona.

Mtu mwingine angeahirisha. Sadiki alikaa na daftari lake siku moja, kisha akaenda redio ya mjini, ile inayosikika mpaka Nzega ukiigeuza antena vizuri, akaomba saa moja ya matangazo ya moja kwa moja. Mieleka ingefanyika bila watazamaji, watu wasikilize. Mtangazaji Asmahani alimtazama kwa muda mrefu juu ya barakoa yake.

"Mieleka ya kusikiliza, fundi?"

"Mpira si mnatangaza?"

Wakampa saa kumi mpaka saa kumi na moja kamili, kwa sababu saa kumi na moja ni matangazo ya vifo na hayo hayasogezwi hata dakika. Kunal Nanji, muuza vitambaa, akatoa ghala lake, akachora sakafuni miduara ya chaki, kila mtu na wake, akaweka ndoo ya kunawia na sabuni mlangoni. Bwana afya wa kata akaruhusu watu tisa. Alitaka pia wanamieleka wakae umbali wa mita moja. Ilichukua nusu saa kumweleza mieleka ni nini. Hatimaye walikubaliana kwamba watanawa mikono kila baada ya raundi, na yeye mwenyewe atakuwa mmoja wa wale tisa.

Tatizo likaonekana Alhamisi, siku ya mazoezi. Shilinde aliingia akinguruma, na ngurumo ikaenda mpaka ukutani ikarudi peke yake. Akasimama katikati ya ulingo, mikono inaning'inia.

"Siwezi, kaka. Bila kutukanwa nasikia baridi."

Sadiki akamwomba Wilbroad, fundi baiskeli ambaye ndiye mwamuzi, amtukane kidogo. Wilbroad alikohoa, akasema, "Shilinde, wewe si mtu mzuri sana," kisha akaomba radhi. Katika umati tusi halina mwenyewe. Kwenye ghala tupu tusi ni lako, na mwenye kutukanwa ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Ndipo Sadiki alipokumbuka utani. Mnyamwezi ametaniana na Mzaramo tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, na mtani husema atakalo bila mtu kununa. Mzaramo alikuwepo: Mzee Idrisa, mstaafu wa reli, anayekaa karibu na stesheni, maarufu katika kila msiba wa Kinyamwezi. Sadiki akaenda kumwalika, akarudi nyumbani amefurahi.

Mkewe Kuluthumu, aliyekuwa akishona barakoa kwa vipande vya kitambaa cha magodoro, aliacha cherehani.

"Umemwita Idrisa? Na msiba wa fundi Makanyaga umeusahau? Alilala kaburini mpaka alasiri, akataka apewe jogoo ndipo atoke. Maiti inangoja juani."

"Mke wangu, hapa hakuna kaburi," alisema Sadiki.

Saa kumi kamili Asmahani akafungua matangazo. Katika mduara wake wa chaki Mzee Idrisa alivua kofia, akasafisha koo, akamtazama Shilinde anavyoingia.

"Haya, gunia la mizigo limeingia lenyewe leo, halikubebwa. Wewe Shilinde, babu yako alitembea kwa mguu kutoka Nzega mpaka kwetu pwani akiwa na pembe begani, akafika, akaiona bahari, akauliza nani kamwaga maji."

"Na babu yako alikuwa amelala," alijibu Shilinde, "wangu alimwamsha amwonyeshe njia, akasema njoo kesho, leo kuna ngoma."

Shilinde akanguruma, na safari hii Nanji akaruka nje ya mduara wake. Nestory, muuza mchele wa Kaliua, kijana mzuri wa sura wa mwaka huu, alirushwa kona ya kwanza, akarushwa ya pili. Raundi ikaisha, wakanawa. Ya pili ikaanza, mikono ina sabuni, hakuna anayeshikika. Walikuwa wanapitana kama kambare wawili huku Asmahani akieleza kwa pumzi moja mambo ambayo nusu yake hayakutokea. Sadiki alitazama daftari: dakika ya thelathini na tisa, mbele ya ratiba kwa dakika mbili. Hakuwa amewahi kuwa mbele ya ratiba.

Dakika ya hamsini, kama walivyopanga, Nestory akaruka, akadakwa, akalazwa. Shilinde akamlalia kifuani. Wilbroad akapiga turubai.

"Moja. Mbili."

Mzee Idrisa akapita chini ya kamba, akamsukuma Shilinde pembeni kwa kijiti chake cha mswaki, akalala chali kando ya Nestory, akakunja mikono kifuani.

"Hapa hazikwi mtu," alisema, "mpaka mtani apewe haki yake."

Wilbroad alibaki na mkono hewani. Kumtoa mtani kwa nguvu ni aibu, kumkasirikia ni aibu zaidi. Sadiki ni Mmanyema, hana utani na Mzaramo, na hakuruhusiwa hata kumgusa. Alisogea mpaka ukingoni mwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, tuko hewani."

"Na mimi niko hewani. Nasikia ubaridi mzuri. Godoro hili ni lako?"

"Nitakupa jogoo."

"Jogoo ni wa msiba. Huu ni ushindi. Ushindi wa Mnyamwezi unaonekana mara moja katika karne, siuachi kwa kuku."

Asmahani alikuwa anawaambia wasikilizaji, kwa sauti ya chini kama ya hitimani, kwamba mzee mmoja amelala. Dakika ya hamsini na tano. Shilinde alimtazama Sadiki. Huko Nzega mkewe alikuwa ameigeuza antena.

"Kaka," alinong'ona Nestory, ambaye hakuwa ametikisa hata kope, "nifumbe macho mpaka lini?"

"Endelea kufa," alisema Sadiki. "Mzee, unataka nini?"

"Kubebwa. Sijawahi kubebwa na mpagazi wa kweli. Anibebe mpaka kwangu."

"Ana goti bovu."

"Basi ndiyo maana wanaitwa wapagazi. Kwa goti zima mtu yeyote hubeba."

Shilinde akachuchumaa. Goti likalia kama mlango wa ghala. Mzee Idrisa akapanda mabegani, akashika masikio mawili kama usukani, na Mnyamwezi akasimama, kwanza nusu, halafu mzima. Bwana afya akafungua mdomo kuhusu mita moja, akaufunga. Shilinde akaweka mguu wa goti bovu kifuani mwa Nestory.

"Tatu," alisema Wilbroad.

Asmahani aliweza kusema, "Mshindi, Shilinde Ngassa wa Nzega, akiwa na mzee mabegani," kisha ukaanza wimbo wa matangazo ya vifo.

Shilinde alimbeba mpaka mlangoni mwa ghala, goti likagoma. Mzee Idrisa akateremka, akasema kwake si hapa, akarudi kulala kwenye ulingo angojee msafara ukamilike. Nanji akamwachia chai na funguo. Shilinde alikuwa ameketi juu ya robota la khanga, simu sikioni, na sauti ya mkewe ikasikika na wote.

"Nimesikia jina. Watoto wamepiga kelele mpaka jirani kaja." Kisha akaongeza: "Lakini wewe baba, hata ukishinda unabeba mizigo?"

Shilinde alicheka mpaka akafuta macho kwa barakoa.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya jua kupanda, Sadiki alikwenda na mkokoteni wake wa kupelekea magodoro, akatandika godoro moja juu yake, akamsaidia Mzee Idrisa kupanda na kofia yake, akamsukuma taratibu mpaka kwake karibu na stesheni. Alipofika mzee akasema godoro limeshamzoea. Sadiki akalishusha, akaliingiza ndani, akarudi Gongoni na mkokoteni mtupu, akatoa sindano ndefu, akaanza kushona lingine.