Marehemu Babu Alivyoninyang'anya Kazi ya Filamu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika, huyu Tanga, huyu Dar es Salaam, huyu hata kwao hawajui yuko wapi. Mimi safari yangu ndefu ni kushuka Lushoto mjini kununua betri za redio, na nikirudi nalala kama mtu aliyetoka Makka. Mtihani wangu wa mwisho nilipata daraja la nne. Bibi alipoambiwa "nne" alipiga vigelegele, akidhani inazidi moja, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumsahihisha, mimi nikiwa wa kwanza.

Wazazi wangu walihamia Shume kulima kabeji, wakaniacha huku Mlola nimtunze bibi. Hivyo ndivyo wanavyosema wao. Anayepika ni bibi, anayefua ni bibi, na asubuhi ya baridi anayeniamsha kwa fimbo ni bibi. "Amka, mume wangu," ananiambia, "mume gani huyu, jua limeshapanda mlima kabla yake?"

Mume wake wa kweli, babu, alikuwa mganga. Sisemi mganga wa kutibu mafua. Waliokuja kwake walikuja wamejifunika, wakaondoka bila kuaga, na baada ya muda ungesikia kwamba mahali fulani mtu fulani ameacha kutembea. Labda ni maradhi tu. Hakuna aliyemuuliza. Nyumbani mwetu watu waliongea kwa sauti ya chini hata wakitaja chumvi. Miaka yake ya mwisho mteja mmoja alimpa simu, basi uganga ukahamia humo: anakaa kwenye kigoda chake kilingeni, anakohoa mara mbili, halafu anamtumia mtu wa Dar es Salaam ujumbe wa sauti wa kumwambia achinje kuku gani na ageukie wapi.

Alikuwa na binti mmoja, shangazi yangu. Shangazi alikataa mume aliyechaguliwa na baba yake, akashuka Magoma akaolewa na mkulima wa mpunga. Babu alisimama mlangoni akasema maneno ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo kama wengine wanavyosikia hadithi za sungura: "Hutakanyaga kizingiti changu mpaka nikuite kwa kinywa changu."

Hakumwita. Kwetu, neno la mzazi aliyekasirika hufunguliwa na mdomo uleule uliolifunga. Mzazi anachukua maji kinywani, anamtemea mwanawe kifuani, anamwita, yameisha. Babu alikufa bila kuchukua maji. Shangazi alizika watoto wawili huko bondeni na kila kaburi watu walilihesabia kizingiti kile. Bibi alikuwa akikutana naye sokoni siku za gulio, wanakaa chini kando ya mafungu ya ndizi, wanashikana mikono, wanaachana. Siku ya mazishi ya baba yake, shangazi alilia akiwa amesimama barabarani.

Niliwahi kumwambia bibi, "Babu hayupo, nyumba ni yako. Si umwite wewe?"

"Nyumba ni ya marehemu," akajibu. "Mimi naifagia tu."

Mimi mwenyewe nimepewa jina la babu, na shangazi huniita "baba" kwenye simu. Lakini baba wa jina hana mamlaka ya kumwingiza mtu ndani. Ana mamlaka ya kuchekwa tu. Mjukuu kwa babu yake ni mtani, ndiyo maana baada ya mazishi nilivaa koti lake, nikakaa kwenye kigoda chake uani, nikakohoa mara mbili, nikaanza kuwatibu waombolezaji. "Wewe, umekuja kunilia bila kuku? Rudi kwenu!" Watu walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Bibi alicheka ndani ya kanga yake. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko uani kwetu, na sifa zile zilinivimbisha kichwa.

Sifa zikafika Lushoto mjini kwa kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu ya kutisha. Tulimwita dairekta, kwa sababu alivaa miwani ya jua hata kwenye ukungu. Filamu yake ilikuwa hivi: mganga mbaya amekufa, wajukuu wanaichaji simu yake ya zamani, naye anarudi kupitia mtandao, na popote penye mnara wa simu hakuna aliye salama. Nilimwambia kwetu huyo mzuka atapata taabu, mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe la kufulia. Hakucheka. Alikuwa amekuja kunipa sehemu ya mganga na kuomba kilinge cha babu cha kupigia picha.

Nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi. Nilikohoa mpaka bibi akanichemshia majani. Siku ya kurekodi, dairekta alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Kaka, unachekesha. Mimi nataka watu waogope." Akauliza kama simu ya marehemu bado ipo. Ilikuwepo, na jumbe zake zote za sauti zikiwemo. Akazihamishia kwenye kompyuta yake, akazilisha kwenye akili mnemba, akaandika maneno yake mwenyewe kwa vidole viwili. Kompyuta ikakohoa mara mbili. Kisha babu akasema, "Nimerudi. Nani amekaa mahali pangu?"

Aliyekuwa amekaa mahali pake ni mimi. Nilishuka kigodani bila kuambiwa. Hivyo ndivyo nilivyonyang'anywa kazi na marehemu, pengine mtu wa kwanza wilaya nzima.

Nilikuwa bado natafuta utani wa kusema nilipomwona bibi. Alikuwa amekaa uani akichambua maharage. Sasa alikuwa amesimama, ungo umeanguka, maharage yametawanyika kwenye tope, naye anakuja kilingeni na maji ya kunawa ndani ya bakuli, kichwa kimeinama, kama alivyokuja kila siku ya ndoa yake. Alipoona ni sisi na kompyuta, alibaki ameshika bakuli.

"Mmemfanya nini?" akauliza.

"Ni maigizo, bibi," akasema dairekta. "Ni mashine tu."

"Mashine," bibi akarudia, akaliweka bakuli chini polepole. Hakunitania tena siku ile.

Nilimsimulia shangazi kwenye simu, nikiwa juu ya jiwe la kufulia, nikitegemea atacheka. 

"Baba," akasema, "anaweza kusema chochote mtakachomwandikia?"

"Chochote, shikamoo yako tu ndiyo hataitikia."

"Basi mwambie aniite."

Nilimwambia ni upuuzi, si babu, ni kompyuta iliyomsikiliza babu. Shangazi akasema mama yake anazeeka kwenye baridi, kifua kinampasua kila msimu wa ukungu, na yeye hawezi hata kuingia kumpa uji. Anachotaka ni kupita mlango ule na kumchukua mama yake waende Magoma kwenye joto. "Si kinywa chake?" akasema. "Sauti si ndiyo yake? Kwani yeye aliyekuwa akitibu watu wa Dar kwa simu, dawa hazikufanya kazi?"

 Elimu ya kidato cha nne haijagusa mambo hayo, basi nikamwomba dairekta arudi na kompyuta yake.

Shangazi alikuja kesho yake mchana na pikipiki, amebeba mchele na machungwa, amevaa kanga mpya. Akasimama nje ya kizingiti. Bibi alikuwa ndani, kwenye mkeka, hajainua macho. Nilimwamkia shangazi, akaitikia bila kunitazama. Dairekta aliweka kompyuta juu ya kigoda, halafu akainua kamera.

"Hiyo weka chini," bibi akasema kutoka ndani. Akaiweka chini.

Likazuka suala la maji. Kompyuta haina mdomo wa kutemea. Tukatazamana. Shangazi akasema, "Wewe una jina lake." Basi nikachukua maji kinywani, mashavu yamevimba kama chura, nikasimama mbele ya shangazi yangu. Dairekta akabonyeza. Kompyuta ikakohoa. "Mwanangu," babu akasema, "nakuita. Ingia kwako." Nikatema. Sauti ilikuwa yake, mate yalikuwa yangu.

Shangazi aliinua mguu kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Akakanyaga ndani. Akaenda akaanguka mapajani mwa mama yake, wakalia kwa Kishambaa, na mimi nikageukia ukuta nikisingizia moshi.

Tulikula wali wa Magoma. Shangazi alikuwa akigusa kila kitu, nguzo, mitungi, kitanda alichozaliwa juu yake. Ndipo akasema, "Mama, pikipiki itarudi kesho. Twende wote. Kule utakaa juani kutwa."

Bibi akatabasamu. Nilimwona akitabasamu, nakumbuka. Halafu tabasamu likaondoka, akaigeukia kompyuta.

"Sasa muulizeni," akasema. "Kama anaongea, aulizwe. Siwezi kuondoka nyumbani kwa mtu bila ruhusa."

"Mama, amekufa," shangazi akasema.

"Alipokuita hakuwa amekufa?"

Dairekta akatutazama, shangazi akamwashiria kwa kichwa aandike. Akaandika haraka. Kompyuta ikakohoa, babu akasema kwa upole, "Nenda, mke wangu. Nimekuruhusu."

Bibi alisikiliza huku ameinamisha sikio. Kisha akacheka, kicheko kikavu kama gunzi.

"Huyu si yeye. Maisha yangu yote sijawahi kumwomba kitu akanipa siku hiyohiyo. Na 'mke wangu' hajawahi kunitamkia. Mnanichezea."

Nilikuwa wa mwisho kuelewa, kama kawaida yangu. Shangazi alikuwa ameshaelewa. Aliweka chini tonge alilokuwa ameshika. Akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje, akasimama uani upande wa pili wa kizingiti, kwenye ukungu, mikono imekumbatia kifua.

"Rudi ndani, mwanangu," bibi akasema. "Masikio yangu mabovu."

"Hapana, mama. Umesema kweli. Kama si yeye, basi hajaniita."

"Shangazi, wali unapoa," nikasema, kwa sababu mtu lazima aseme kitu na mimi hicho ndicho nilichonacho.

"Nitakufa na watoto wangu wamenitangulia," akasema, si kwangu, "na bado nimeingia nyumbani kwa wizi."

 Bibi alimtazama binti yake mlangoni, akatazama kanga zake mbili zilizoanikwa kwenye kamba ndani, zile ambazo angezifunga kwenye kifurushi. Halafu akamwambia dairekta, "Mwanangu, muulize tena. Mwandikie namna alivyokuwa. Mwandikie akatae."

"Bibi, usifanye hivyo," nikasema.

"Nyamaza, wewe mume wa mdomo."

Dairekta aliandika. Kompyuta ikakohoa mara mbili. Sauti ikajaza chumba, nene, haina haraka, sauti iliyotunyamazisha miaka yote. "Hakuna kwenda popote. Nani atanichotea maji?"

 Mbuzi walinyamaza, au nilidhani wamenyamaza.

"Eee," bibi akasema, akitikisa kichwa. "Huyo. Huyo ndiye." Akageuka kwa shangazi. "Umesikia? Ni yeye mwenyewe. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuita. Ingia, mwanangu, baridi hiyo."

 Shangazi alimtazama mama yake usoni akitafuta kitu, na sijui kama alikiona. Mimi nilikuwa karibu zaidi na sikukiona. Kisha akavuka kizingiti mara ya pili.

"Na wewe je, mama? Hutakuja?"

"Nitakujaje, na umemsikia?" Bibi alikuwa tayari anampakulia wali mwingine, anaushindilia kwa mwiko. "Utakuja wewe. Sasa mlango ni wako. Utakuja hata kila gulio ukitaka."

Filamu ilioneshwa baadaye katika banda la video. Dairekta alikuwa ameiweka ile sauti ya kukataa, na watu walipiga kelele za hofu, wakaniambia nina kipaji. Sikuwaambia si mimi. Bibi hakwenda kuitazama. Msimu wa ukungu ulipofika kifua kilimshika vibaya, shangazi akapanda na dawa, akaingia bila kubisha hodi, akakaa naye kitandani, akamsihi tena washuke.

"Mwache mama yako," bibi akasema kati ya kikohozi na kikohozi. "Nimeolewa."

Kisha akaniagiza nikamchotee maji kwenye bakuli, nikayaweke kilingeni.