Mwachie Mtoto Sindano

Kuna Jumapili moja ya Elburgon ambayo huwa inanijia mara kwa mara, mwanangu, lakini juzi ulipomnyang'anya Wairimu sindano hapa kwangu Njoro, ilinijia yote kwa mpigo. Mtoto alikuwa ametulia kwenye mkeka, ulimi nje, anashona kifungo cha sweta yake. Wewe ukasema, "Hebu lete, utatukalisha hapa mpaka kesho," ukakimaliza upesi upesi. Kifungo kilikaa vizuri, sikatai. Lakini uliuona uso wake? Jana mimi bibi yake nimemwambia alete kikapu cha nyuzi tushone, akanijibu, "Cucu, mimi sijui. Mwambie mama." Mtoto wa darasa la pili anasema hajui, na hata hajajaribu! Hilo neno limenichoma.

Sikugombezi. Wewe ni mtu mzima, una mume na kazi yako huko Nakuru, na hata ningetaka kukugombeza ungenikumbusha nina presha. Kunywa chai yako tu, unisikilize. Mtoto yuko nje na kuku, hatusikii.

Nilikuwa na umri kama wake, au mdogo kidogo. Tulikaa Elburgon, kwenye nyumba ya mbao karibu na kiwanda cha kupasua mbao alikofanya kazi baba yangu. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, kwa hivyo hakuniita Wairimu, hili jina langu ulilompa mwanao, hata siku moja. Aliniita "mami," vile wanaume wa kwetu wanavyowaita mabinti waliobeba majina ya mama zao. Hata akiwa na hasira alikuwa ananigombeza kwa heshima, kama mtu anayemgombeza mama yake mzazi.

Mwaka huo ulitushika vibaya. Msumeno ulimkata baba vidole vya mkono wa kulia. Kabla kidonda hakijapona, mama naye akalazwa hospitali Nakuru, mimba ya mjomba wako ikimsumbua. Tukabaki nyumbani mimi na baba, na ule mkono wake uliofungwa bandeji nyeupe, ameuning'iniza kifuani kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa kuongea sana, anayejulikana soko zima. Siku hizo alikuwa anakaa tu kwenye kigoda akiangalia lori za magogo zikishuka kutoka msituni.

Sasa, Jumapili hiyo ninayokuambia, kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa, na mimi ndio nilikuwa naanza darasa la kwanza. Gauni la shule nilikuwa nimerithi kwa binamu yangu, nalo lilikuwa limeachia ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni. Mwalimu wa pale langoni alijulikana. Ukija na yunifomu imeraruka, unageuzwa hapo hapo. Na watoto walikuwa wengi kuliko madawati, kwa hivyo ukigeuzwa siku ya kwanza nafasi yako inakaliwa na mwingine, wewe unangoja mwaka ujao. Nilikuwa nimeingoja hiyo shule mpaka nikawa naiota.

Mama angelishona lile gauni haraka sana, lakini mama hakuwepo, na mimi sikujua kushona. Si kwamba hakuwa amejaribu kunifundisha. Mama alikuwa na mikono ya haraka, wewe uliitoa huko. Nikishika sindano alikuwa ananiangalia kidogo tu, halafu anapumua kwa nguvu, halafu, "Lete hapa!" Kitu nilichojua ni kumtungia uzi, kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu.

Kanisani hatukwenda Jumapili hiyo, Mungu atusamehe. Baba aliniambia, "Mami, leta gunia."

Nikaleta gunia la viazi, tupu. Akaniambia nichukue ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na nichomoe uzi kwenye sweta yake kuukuu, sweta nyekundu iliyokuwa imetoboka viwiko. Si unajua gunia lilivyo, vitundu vyake unaviona wazi? Ndivyo alivyonifundishia. "Ingia hapo. Toka hapo jirani. Sasa ruka kamoja, uingie tena. Pole pole, wewe, huvuti ng'ombe!" Nilishona gunia hilo asubuhi nzima mpaka likawa na njia nyekundu kila upande. Nikikosea, anauliza tu, "Uzi wako umepita wapi?" Natazama, naona, narudi.

Mchana akasema, "Haya, gauni sasa." Nikachukua sindano ndogo na ule ule uzi mwekundu, maana uzi mwingine haukuwepo, nikakaa mlangoni na gauni mapajani. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, hapo karibu. Kila mshono wangu ulipopinda, mkono wake mzima ulikuja mbele kama unataka kushika, halafu ukarudi. Ukaja tena, ukarudi. Mwishowe akauweka chini ya paja, akaukalia. Nilifikiri anasikia baridi, na Elburgon baridi ni ya kweli.

Nikamaliza. Nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno, nikasimama nimuonyeshe. Gauni nalo likasimama na mimi. Mwanangu, nilikuwa nimelishona pamoja na sketi niliyovaa!

Wakati huo ndio jirani yetu Mama Chebet alikuwa anaingia na maziwa. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Uuui! Baba Wairimu, umeona huyu? Amejishona mwenyewe!" Mimi nikaanza kulia. Nililia kwa sababu ya shule, kwa sababu ya mama, na kwa sababu jua lilikuwa limeshaanza kuteremka nyuma ya msitu. Mama Chebet hakuwa mtu mbaya, roho yake ilikuwa safi kabisa. Akapangusa machozi ya kicheko, akanyoosha mkono. "Njoo, mtoto wangu. Lete nikushonee mara moja, kesho si ni shule?"

Na mimi nikampa sindano. Nilitaka sana aichukue.

"Mama Chebet," baba akasema, "wacha."

"Lakini si unaona amejishona?"

"Nimeona. Nilimwona tangu anaanza."

"Na ukanyamaza? Baba Wairimu, kweli? Mtoto atarudishwa!"

Hapo ndipo nilimsikia baba akiongea kama zamani, na sauti yake ilikuwa kali. "Ukimshonea leo, kesho ataingia shule, na nitakushukuru. Halafu gauni litapasuka tena. Mama yake yuko kitandani, sijui atarudi lini. Mimi ndio huyu, hata kifungo changu siwezi. Sasa nikimfundisha kwamba yeye pia hawezi, nitakuwa nimemwachia nini? Unafikiri mkono hauniwashi? Nimeukalia tangu mchana!"

Nilimtazama, na kweli alikuwa ameukalia. Siku hiyo ndiyo nilijua kumbe haikuwa baridi.

Mama Chebet naye aliutazama ule mkono. Angeweza kukasirika na kwenda zake. Badala yake alinirudishia sindano, akaketi kando yangu pale mlangoni, akaifungia mikono yake yote miwili ndani ya leso aliyojifunga kiunoni. "Haya basi," akasema, "na mimi nitakaa nione."

"Mami," baba akaniambia, sasa kwa upole, "mahali ulipokosea unapaona?"

"Naona."

"Basi fumua. Jua bado liko."

Nikafumua. Nikatafuta namna ya kukaa ili nisijishone tena. Nikaliweka gauni hivi, nikaliweka vile. Halafu bila kuambiwa na mtu nikalivuta lile gunia la asubuhi, nikalikunja mapajani, gauni nikaliweka juu yake. Kila baada ya hatua kidogo ninaliinua, nione kama gunia limeshikwa. Likishikwa, ninatoa.

Baba akamgeukia Mama Chebet. "Umeona hiyo ya gunia? Hiyo sikumfundisha! Umeona?" Akacheka. Tangu msumeno umkate, ndio mara ya kwanza nilimsikia akicheka, akapiga paja lake kwa ule mkono mzima aliokuwa ameukalia. Nikamaliza kukiwa bado na mwanga. Mshono ulikuwa umepinda, mwekundu kwenye gauni la bluu, unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kesho yake pale langoni mwalimu aliniinua mkono akautazama ule ubavu. "Nani alishona hii?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Wewe?"

"Mimi."

Akamtazama baba, aliyekuwa amesimama nje ya ua na bandeji yake. Akaniachilia mkono. "Ingia," akasema.

Mengine unayajua. Mama alirudi na mjomba wako mikononi, wote wazima, namshukuru Mungu. Mimi nikashona nguo za nyumba nzima, halafu za majirani, halafu za nusu ya watoto wa Njoro. Cherehani ndiyo iliyokusomesha, na kila nilipoikanyaga nilimshukuru baba. Namshukuru na Mama Chebet pia, kwa ile mikono aliyoifunga ndani ya leso. Kuna watu wanaokusaidia kwa kukufanyia. Wale ninaowakumbuka zaidi ni wale waliojizuia.

Baba alipozeeka, ule mkono uliobaki ukaanza kutetemeka. Mama alikuwa akimvalisha, naye alichukia kuvalishwa, anageuza uso kama mtoto anayepewa dawa. Nikamshonea shati la vifungo vikubwa, matundu yake mapana. Akalivaa mbele yangu. Cha kwanza kilimchukua muda, mwanangu. Cha pili hivyo hivyo. Chai yake ilipoa mezani na mimi nilitaka sana kuinuka nimfungie, mara moja tu, iishe. Nikamwacha. Alipofika kile cha mwisho aliniangalia akasema, "Asante, mami." Sikumuuliza anashukuru shati au anashukuru kungojwa. Nililia baadaye, nikiwa jikoni.

Kwa hivyo sikiliza ninalokuambia. Mtoto akishika sindano, usimharakishe. Kama mikono inakuwasha, ikalie. Akikosea muulize uzi umepita wapi, halafu ngoja aone mwenyewe. Usije ukafumua kazi yake akiwa amelala ukashona upya ili aamke aikute nzuri, atajua, watoto hujua. Kifungo kikining'inia, kiende shule kikining'inia. Watu wakicheka, cheka nao, lakini usimnyang'anye. Ukimfanyia kila kitu kwa sababu unampenda, yeye atasikia tu kwamba hawezi. Najua wewe unafanya kwa upendo, na kwa uchovu pia, maana unatoka kazini umechoka. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo na nilimpenda sana.

Nakushukuru unavyoniletea huyu mtoto kila likizo, nyumba inakuwa na sauti. Mwite sasa, umwambie kile kifungo ulikiharakisha na ungependa akishone yeye. Usimwambie mimi ndio nimesema.

Mungu aibariki hiyo mikono yako, imefanya mengi katika nyumba yako na hata katika yangu. Aibariki na ile midogo ya Wairimu, ipinde inavyopinda mpaka inyooke yenyewe. Na siku mikono yako itakapozeeka, mwanangu, Mungu akupe mtoto anayejua kukungoja.