Mguu Uliokataa Kuunga

Mama aliteleza asubuhi ya mvua, kikapu cha majani chai mgongoni, kwenye kijia cha nyumbani kwetu Nyamira. Mfupa wa muundi ukavunjika. Hospitali moja ya Kisii wakamfunga plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole, daktari akasema asikanyage, arudi baada ya wiki sita apigwe picha.

Wiki ya nne mama akaanza kulalamika kwamba mguu unamwasha ndani ya plasta. Mimi ndiye kifungua mimba wake, mwalimu, mjuaji wa nyumba ile. Nikaona daktari anatuchelewesha. Kwetu Gusii tumekua tukisikia sifa za mafundi wa zamani waliompasua mgonjwa kichwa kwa kisu, wakakwangua fuvu, na mgonjwa akaamka akaomba uji. Sifa hizo zilinilevya. Watu waliofungua vichwa washindwe na mguu?

Nikamleta fundi wa mifupa kutoka upande wa Marani. Plasta niliikata mwenyewe, kwa kisu cha kupogolea chai. Mama aliuliza mara moja tu, "Na daktari aliyesema tungoje?"

"Huyo ni wa vitabu, mama," nikamjibu, mimi ninayekula kwa vitabu.

Kila Jumanne fundi alikuja na samli yake. Aliukanda mguu, akauvuta, akauzungusha ili, kwa maneno yake, auamshe mfupa, kisha akaufunga kwa vijiti. Mama alipiga mayowe mpaka majirani wakatoka nje. Kazi yangu ilikuwa kumshika mabega. Nilimwambia avumilie. Mungu anisamehe, nilimwambia hata kwamba anadeka.

Miezi ikapita. Uvimbe ulipopungua tulishangilia. Halafu siku moja nikimwogesha, niliinua kisigino chake nikaona mguu unapinda katikati ya muundi, mahali pasipo na goti. Niliketi palepale sakafuni kwenye maji ya sabuni.

Tukarudi Kisii. Daktari aliiweka picha kwenye taa, akatuonyesha ncha mbili za mfupa zilizokwisha kuwa laini, na nafasi nyeusi katikati.

"Mfupa huunga ukitulizwa," alisema. "Huu umekuwa ukichezeshwa. Nani alitoa plasta?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ni mimi, daktari. Ilikuwa inaniwasha. Nikatoa, nikaenda kuchuma chai. Huyu msichana wangu alinikataza sana."

Daktari akamgombeza, mama mzima wa wajukuu, na wauguzi wakisikia. Mama akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimekitafutia kimya kile udhuru, sijaupata.

Walimpasua, wakazikwangua zile ncha, wakachukua mfupa kidogo nyongani wakaupachika katikati, wakaukaza kwa bamba la chuma. Usaha ukaingia. Wakaliondoa bamba, wakasafisha, wakasafisha tena. Kila mara nilijiambia nitamweleza daktari ukweli akitoka chumba cha upasuaji, na kila mara alitoka amechoka, nami nikashukuru kuwa amechoka. Mwishowe waliukata mguu chini ya goti. Mama alilia siku mbili, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sabato iliyopita mzee wa kanisa alikuja nyumbani na washiriki wachache kumwombea. Mama akawasimulia jinsi alivyokuwa mkaidi, akanisifu mbele yao kwa kumuuguza. Nikawapa chai. Kisha mzee akatupigisha magoti, isipokuwa mama aliyebaki kitini, akamwomba Mungu amsamehe mama yetu kiburi cha kutosikia aliyoambiwa.

Niliutazama ule mguu mfupi chini ya leso.

"Amina," mama akaitikia kwa sauti, mkono wake juu ya kichwa changu.