Muuza Uji wa Soko la Magari

Nicasia Quisbert hajawahi kuendesha gari hata siku moja, na hilo halimnyimi usingizi. Kwa miaka ishirini na mitatu ameuza uji mtamu wa mahindi ya zambarau na maandazi ya jibini katika soko la magari la El Alto, mji wa Bolivia ulio juu milimani, kila Alhamisi na Jumapili, na masikio yake hayajui likizo. Mafundi hunywa uji kwake, wauzaji pia, na mtu aliyeshika bakuli la moto kwenye baridi ile hufunguka kuliko akiwa mbele ya padri. Ndivyo alivyoyajua magari. Ukimwita fundi atakucheka, lakini atacheka amenyoosha mgongo kwa fahari.

Jumapili moja ya mwezi wa nne, zamu ya kununua ikamfikia mwenyewe. Binti yake, Wara, alikuwa amepewa nafasi katika chama cha teksi cha mtaa wao, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa sharti moja: Jumatatu asubuhi afike na gari litakalopita ukaguzi. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba usukani si kazi ya mwanamke watapata la kusema mwaka mzima. Akiba yao ilitosha gari moja tu. Hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Wara alilipenda gari jeupe kabla hata hajalifikia. Lilikuwa linang'aa, linanukia, na mwenye gari, Rómulo, alikuwa na maneno matamu ya kutosha soko zima.

"Gari la mke wangu hili, mama. Kanisani na sokoni, basi."

"Mkeo anasali sana," Nicasia akasema, akizitazama pedali zilivyolika.

"Na ada zote za kulibariki nimelifanyia. Kila kanivali, nalimwagia bia kwenye magurudumu, nalirushia vipande vya karatasi za rangi juu mpaka ndani. Baraka zake zinakuzidi wewe."

"Mama, nafasi ni kesho," Wara alisema, tayari ameushika usukani.

"Washa feni," Nicasia akamwambia.

"Kwa baridi hii?"

"Washa mpaka mwisho."

Feni ikakohoa. Gari lililosherehekewa hutema karatasi miaka na miaka. Ukiwasha feni unajaa nyekundu na njano mapajani. Hili lilitema donge moja la kijivu. Nicasia aliliokota akalivunja kwa kucha. Karatasi zilikuwemo, zimegandamana na matope makavu. Akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, pale ambapo hakuna anayefika kusafisha, akakuta mstari wa udongo.

"Hili limezama," alisema bila kupaza sauti. "Maji yalifika hapa kifuani."

"Ah, mama, mvua kidogo tu ile," Rómulo akadakia.

"Mvua gani inaweka matope kwenye feni? Umebadilisha mazulia, ukanyunyiza manukato. Waya zitaoza moja moja, na mwanangu atakwama mteremkoni na abiria wanne. Tafuta mwingine wa kumuuzia, na umwambie ukweli."

Rómulo alishusha bei, akashusha tena. Nicasia alikuwa ameshampa mgongo. Wara ndiye aliyebaki amesimama, machozi yanamlenga.

"Kwako kila gari lina kasoro. Kesho nikawaambie nini?"

Maneno hayo yalimchoma Nicasia, kwa sababu hofu hiyo hiyo alikuwa ameamka nayo alfajiri.

"Basi tafuta mwenyewe," akasema. "Nitakufuata, na sitatia neno."

Kwa mwanamke mwenye mdomo ule, hiyo ilikuwa kwaresima nzima. Wara alipita magari kumi na mawili. Aligusa boneti kwanza kuhakikisha injini haijapashwa moto kabla yake kuficha ubovu. Aliinua mazulia, akavuta mikanda, akalala chini kwenye vumbi na sketi yake nzuri. Mwishowe akasimama kwenye gari la kijani lililopauka, la mwalimu mmoja mstaafu, lililobonyea mlangoni. Nicasia aliona matairi mawili yamekwisha, akauma ulimi. Wara alikuwa ameshayaona, na alikuwa akiyatumia kumbana mwalimu kwenye bei, mpaka ikabaki pesa ya kununua mapya mawili.

Jumatatu, mwenyekiti wa chama, Don Teodosio, aliingia chini ya gari hilo akakaa huko mpaka watu wakachoka kusubiri. Madereva walikuwa wamejipanga ukutani, vicheko vimewakaa midomoni. Akatoka akijikung'uta magoti.

"Sura halina," alisema, "lakini ni zima. Wara, kakuchagulia mama yako, sivyo? Hapa nani asiyemjua?"

Wara alifungua mdomo kumpa mama yake heshima yake. Nicasia akamwahi.

"Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mkoba. Kachagua yeye."

Alilisema kwa sauti ili walioko ukutani wasikie. Kisha akalirudia, kwa ajili ya wale wawili waliojifanya hawakusikia.