Mama Mkwe Nje ya Dirisha

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa karani wa ghala la pamba Busia, na maringo yangu hayakulingana na cheo. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, mimi na mke wangu tulipanda basi kwenda Tororo, tukalala hotelini usiku mmoja, na Jumapili tukala chakula cha mchana kabla ya kurudi. Hoteli ile zamani ilikuwa ya Wazungu watupu. Mimi nilikwenda pale kuonekana. Mke wangu alikwenda kwa ajili ya bafu lenye maji ya moto, na hakuona haya kusema hivyo.

"Karani, hii kisu yako nakata nyama ama nakata sahani?" alikuwa akinitania mezani. Alikuwa mtu wa Mulanda, vijijini huko karibu na Tororo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze. Naona aibu hata kwa hilo.

Jumapili ninayoisimulia mvua ilikuwa inanyesha. Meza ya pili alikaa mwenye ghala letu na mkewe, na kwa mara ya kwanza alinisalimia nje ya kazi. Nilivimba kichwa. Mke wangu alikuwa ameipa veranda mgongo. Mimi niliitazama kupitia dirisha. Tulikuwa tumeletewa kuku nilipomwona mama mkwe.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa veranda, miguu mitupu, tope hadi magotini, gauni lake la gomesi limelowa na kumganda mwilini. Macho yetu yakakutana. Kwao na kwetu desturi ni moja: mama mkwe hamwoni mkwewe akila. Kwa hiyo alifanya kilichompasa. Aligeuka, akanipa mgongo, akaitazama mvua na kungoja nimalize.

Nilijua mama wa namna ile haji hotelini kutembea. Nilijua pia kwamba baba mkwe alikuwa mgonjwa. Jana yake mke wangu alitaka tupitie kwao, nami nikasema tutakwenda mwezi ujao. Lilikuwa neno moja tu la kumwambia mke wangu: geuka. Nikamtazama mwenye ghala, nikaitazama ile miguu yenye tope, nikakata kuku wangu.

Mhudumu akaja. "Bwana, iko mama pale inje. Yeye nakataa kusema natafuta nani."

"Labda anauza mayai," nilisema.

Mke wangu hakugeuka. Alikuwa anapambana na mfupa. "Ambia yeye aende nyuma, jikoni," alisema, tena kwa upole, maana aliwahurumia wauza mayai.

Mhudumu alitoka. Nilimwona mama akimsikiliza, akatikisa kichwa, akabaki palepale. Nami nikaendelea. Desturi ilimfunga asiingie nikiwa nakula, na mimi niliitumia desturi hiyohiyo kumweka nje: niliagiza pudini, kisha kahawa ambayo hata siipendi, nikingoja mwenye ghala aondoke kwanza asije akaona mimi ni mkwe wa nani. Kadiri nilivyokula ndivyo alivyosubiri. Mvua ilikatika nikiwa nakoroga sukari.

Mwenye ghala hakuondoka. Mwishowe ni sisi tuliotoka, na mke wangu akamkuta mama yake. Walisemezana kwa lugha yao, maneno machache, na mke wangu akaketi kwenye ngazi iliyolowa na gauni lake zuri. Baba yake alikuwa anamwita tangu alfajiri. Yule mwenye ghala niliyemwonea aibu alitoka kuuliza kuna nini, na papo hapo akawapakia mama na mwana katika gari lake, akaendesha mwenyewe. Mimi sikuweza kupanda gari moja na mama mkwe, kwa hiyo nilifuata kwa baiskeli ya jirani yao mmoja, aliyekuwa amemleta mama mjini. Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja, na halikuwa mgonjwa. Nilikuwa nawaza kama mama, humo garini, anamwambia bintiye kwamba nilimwona.

Walimkuta baba amepoteza kauli. Aliaga dunia kabla sijafika. Majirani walisema alimwita bintiye mpaka mvua ilipokatika.

Mke wangu alinijia uani. "Mama nasimama pale, na mimi nasema aende jikoni," alisema. "Mimi nafukuza mama yangu na mdomo yangu."

Nikamwambia hakujua. Akaniuliza kama mimi sikuona kitu dirishani. Nikasema kioo kilikuwa na ukungu wa mvua. Wakati huo mama mkwe alipita nyuma yake na mtungi wa maji, uso ameuelekeza pembeni kama inavyompasa mbele yangu. Alisikia, akapitiliza na mtungi wake. Hakusema kwamba nilimwona, hadi anaingia kaburini. Sijui kama alinisitiri mimi au aliisitiri ndoa ya bintiye.

Hatukwenda tena Tororo kula. Mwanzoni nilijipa moyo kwamba uchungu wake utapoa, kisha nitamwambia. Haukupoa, na kila mwaka uliopita ulilifanya neno lile kuwa zito zaidi mdomoni. Muuza mayai akibisha kwetu, mke wangu alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti changu na kumtilia chai. Mimi nilitafuta kazi ya kufanya nje. Nilikuwa mwoga, basi. Sina jina jingine la kujipa.

Siku tuliyomzika mama yake, watu walipopungua, tulikaa wawili kando ya nyumba. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Akanishika mkono.

"Wewe ungeona yeye siku ile," alisema, "wewe ungesimama."

"Ningesimama," nikamwambia.