Mati za Mpira za Gari la Kumpeleka Mama

Mama yangu hapandi gari na viatu. Hufungua mlango, huvua, huviacha kando ya tairi, huingia na kuketi, kisha husubiri mtu amwokotee. Mara mbili tumeshafika Ukunda ndipo akakumbuka, "Viatu vyangu, jamani," tukarudi mpaka kwake Waa na kuvikuta palepale vimekaa sawasawa, kama vya mtu aliyeingia msikitini. Zamani nilikuwa nikicheka tu. Kwetu mahali palipotandikwa hapakanyagwi na viatu, na gari langu, kuukuu lilivyo, nililinunua likiwa na kapeti la kitambaa rangi ya chai ya maziwa. Kwa mama hiyo ilikuwa sebule ya watu.

Kicheko kilikwisha siku tuliyotoka kumjulia hali dada yake. Njiani tulisimama kununua machungwa, naye akashuka pekupeku kuyachagua mwenyewe, maana hamwamini mtu kwa machungwa. Sukari imemtia ganzi nyayoni kwa miaka mingi sasa. Tulipomfikisha nyumbani kwake nikaona doa jeusi kwenye kapeti, na yeye ndiye aliyeanza kunigombeza: "Umemwaga nini hapa? Nipe kitambaa nifute kabla halijakauka." Ilikuwa damu yake. Kipande cha chupa kilikuwa bado kimo chini ya kidole gumba, na yeye hana habari.

Tangu hapo Jumatano zangu zikaisha. Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko katika hoteli ninayofanyia kazi huko Galu, ninakosimamia wasafishaji wa vyumba. Asubuhi naenda Waa kumchukua, tunashuka hadi hospitali ya Msambweni kusafishwa kidonda, nakaa kwenye benchi mpaka mgongo uwe mbao, namrudisha, nampikia cha leo na cha kesho, kisha narudi kwangu Diani. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nahesabu mashuka. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu uchovu wenyewe ulikuja kuingia katika kesi hii, kama mtakavyoona.

Nesi aliongea na mimi, si na mama. "Asikanyage chini bila kiatu. Nje, ndani, chooni, popote. Kidonda hiki kikiingia mfupani, kinachofuata ni kukatwa mguu." Mama akapewa viatu vipana vya kufunika vidole, vya kufunga kwa mikanda ya kunata. Akaitikia kwa adabu zake zote, "Inshallah, mwanangu, Mungu akulipe." Tulipofika kwenye gari akavua.

Nilimpigia kelele. Uwanjani pale, mbele za watu, nilimpigia mama yangu kelele kwamba atakatwa mguu, na mpaka leo nikikumbuka natahayari. Yeye hakupaza sauti. "Nimekufundisha mwenyewe kuvua viatu ukiwa hujaota meno ya mbele," alisema. "Leo wataka nikanyage mahali palipotandikwa, kama ng'ombe?" Wiki iliyofuata nikamletea ndara mpya za humo garini tu, hazijagusa mchanga. Akasema kiatu ni kiatu. Isitoshe, na ile bendeji hazikumwingia. Nyumbani kwake sikuwa na la kufanya, huko nilimwachia Mungu. Lakini gari ni langu, na nikajiambia kwamba humu ndani, angalau humu, nitashinda.

Adui nikaamua ni kapeti. Kulibandua sikuweza, kwa maana chini yake bati limeliwa na kutu na lina makali. Ilibaki kulifunika kwa mpira.

Pale Ukunda kuna muuzaji wa vifaa vya magari, mtu wa bara, mnene, mcheshi, mwenye maneno ya kutosha watu wanne. Alinimwagia mati sakafuni. Zilikuwako nyembamba za kukatwa kwa mkasi, zilikuwako za kahawia zenye maua yaliyochorwa kwenye mpira, na zilikuwako nyeusi zenye kina na kingo zilizoinuka kama sinia. "Madam, hizi zote ni za jua na mvua," alisema, akiikunja moja na kuiachia irudi. "Ukimwaga chai, hakuna stress. Unatoa, unakung'uta, unarudisha. Na smell hakuna, hebu nusa."

Nikanusa. Ilinuka. Nikamuuliza, "Mtu akiiona hii, atavua viatu?"

"Avue ya nini, na ni ya kukanyaga?"

"Mama yangu atavua."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi mathe yako ana heshima kuliko sisi wote."

Na mimi, badala ya kufikiri, nikachagua kwa jicho la kazini. Miaka yote hii huwa natazama kitu nikijiuliza kama kitapendeza chumbani. Nikachukua za kahawia zenye maua. Jumatano mama akafungua mlango, uso ukamng'aa. "Mashallah! Umetandika jipya!" Hapohapo nikasikia mikanda ya viatu ikibanduka, krrr, krrr.

Nilizirudisha kesho yake baada ya kazi. Muuzaji alizigeuzageuza akitafuta kisingizio cha kuzikataa na hakukipata, kwa kuwa hakuna kiatu kilichokuwa kimezikanyaga, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia anipe zile mbaya kuliko zote. Akanionyesha zile nyeusi, zina mifereji kama matuta ya mihogo. "Lakini hizi ni za watu wa shamba, madam. Watu wa kubeba mbuzi na makaa. Hazikufai."

"Nipe hizohizo."

Jumatano mama aliinama, akapitisha kiganja juu ya mpira. "Hii ni ya nini?"

"Ya kukanyagia na viatu, mama."

"Lakini ni mpya," alisema, kwa upole kabisa, na akavua.

Niliweka paji la uso kwenye usukani. Sikulia. Nilitamani tu kulala pale, mlango wazi, jua likinipiga, mtu mwingine aje aendeleze. Nilichoka na barabara, nilichoka na benchi, nilichoka na mashuka, na kusema kweli nilichoka na mama. Ndipo nikaelewa, nikiwa nimeinama vile, kwamba tangu mwanzo nilikuwa napigana na kitu kisichokuwapo. Mama hakuheshimu kitambaa wala mpira. Aliheshimu usafi. Na msafishaji nani? Kila Jumanne jioni, nikitoka kazini miguu imevimba, ni mimi niliyekuwa nikilifuta gari lile mpaka ling'ae, kwa kuwa kesho nampakia mama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Jumatano iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na Waa nikasimama penye dimbwi, nikashuka, nikakanyagakanyaga tope mpaka likanifika kwenye vifundo, kisha nikafungua upande wa abiria na kuikanyaga mati kwa nguvu zangu zote. Nikaona haitoshi, nikarudi dimbwini. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo kichwani alisimama kunitazama.

"Habari za asubuhi, dada?" aliuliza, kwa sauti anayosemeshwa nayo mgonjwa.

"Njema, alhamdulillahi," nikajibu, na kuendelea.

Mama alifungua mlango, akatazama. Akaliinua buibui lake kwa vidole viwili, akaingia na viatu vyake. Njia nzima nilijifanya naitazama barabara ili asione ninavyotabasamu.

Jumatano tano tulikwenda hivyo. Nesi alisema kidonda kinajaza nyama. Mimi ninayewakemea wenzangu kwa unywele mmoja bafuni, nikawa kila Jumanne jioni nachungulia garini kuona kama uchafu unatosha, na ukikauka naongeza. Wenzangu wa kazini wakaacha kuniomba lifti. Shauri yao. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nililala usiku bila kuuona mguu wa mama ndotoni.

Jumatano ya sita, tukirudi, tulikuwa tumeipita Tiwi mama aliposema, "Wiki ijayo usije."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nalitazama gari hili. Mtoto niliyemlea mimi hakai na tope mwezi mzima. Huna nguvu tena, mwanangu, nimekumaliza. Nimekuwa nikikuombea kila swala, na kila nikipanda humu naona aibu, kwamba mimi ndimi niliyekufikisha hapa." Alikuwa akitazama dirishani. "Kidonda nitakisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mguu ni wangu, na nimeshautumia vya kutosha."

Nikaegesha gari kando ya barabara, kwa sababu nisingeweza kuendesha. Nikamweleza. Dimbwi, miguu yangu, mwanamke wa ndoo, za kahawia zenye maua, kila kitu. Nilisema tope nimelitia kwa mkono wangu ili asivue viatu, na kwamba nikilisafisha hata leo hii nitalisafisha kwa furaha. Nilidhani atacheka, au atanigombeza kwa kumfanyia hila mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hukuchoka?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile tunalolitoa sote: sijachoka mama, ni wajibu wangu, radhi zako zanitosha. Likakataa kutoka.

"Nimechoka, mama," nikasema. "Nimechoka sana. Na Jumatano nitakuja."

Nikaliwasha gari, tukaendelea mpaka Waa. Nilipozunguka kumfungulia mlango alikuwa keshashuka, anavuka ua wake uliofagiwa tangu alfajiri, nami nyuma yake na mfuko wa dawa. Nyumbani kwake, ukiingia tu, umetandikwa mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe, na sijapata kumwona mtu akiugusa na kiatu, hata siku ya maziko ya baba. Mama alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Alisimama kwa muda mrefu.

Kisha akasema bismillahi kwa sauti ya chini, akaukanyaga na viatu vyake, akaingia ndani.